Kliniki ya akili: jinsi ya kumfanya daktari aongee na mgonjwa mwenyewe

Nyie mnaosindikiza ndugu zenu kliniki ya akili hapa Tanga, hii ni yenu. Mi namsindikiza kaka'angu mwaka wa saba sasa, tunatoka Ngamiani asubuhi na mapema, na miaka yote hiyo daktari anauliza "analala vizuri?" huku ananiangalia mimi, najibu mimi, na mwenye usingizi wake kakaa hapo katikati kama mzigo.

Anzeni nyumbani. Usiku wa kuamkia kliniki andikeni kwenye daftari mambo matatu tu, kwa maneno yake yeye, hata kama we unaona hayana maana. Kaka aliniambia andika "mkono unatetemeka nashindwa kushika kikombe cha chai". Wallahi mi nilidhani anakataa dawa kwa ukaidi, kumbe mkono! Haloperidol, moja ya dawa za akili, inaleta hayo, kutetemeka na kukakamaa, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha, lakini asiposema mwenyewe nani atajua? Ila asiache dawa ghafla.

Mkiingia, yeye ndo akae kiti cha karibu na daktari, we kaa nyuma. Daktari akikugeukia we mwangalie ndugu yako, nyamaza. Hizi dawa zinaweza kumfanya mtu achelewe kujibu, mpe muda, akikwama ndo umkumbushe, "ile ya kikombe".

Wapo madaktari watakaosema huyu hajitambui, mtuambie nyie. Usigombane, foleni nje ni ndefu na wao wamechoka, sema kwa adabu tu, "samahani dokta, mwenyewe ana swali". Wa kwetu alivyosikia kaka anajieleza alibadilika, siku hizi anamuita kwa jina. Nakubali akizidiwa kabisa hawezi kuamua kila kitu, lakini kuzidiwa kunapita. Kwa hiyo akiwa na nafuu muulize: ukizidiwa tena nani akushike, dawa gani ilikutesa, nani asiambiwe. Iandikeni, muombe daktari aiweke kwenye faili.

Na sio fadhila, Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaowagusa na wenye matatizo ya akili ya muda mrefu, na unataka mtu atibiwe kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa.

Dirisha la dawa pia apokee yeye. Juzi kaka kaangalia pakiti, kairudisha, "dada, za usiku mbona leo rangi nyingine?" Akaelezwa yeye, mi nimesimama pembeni nimeshika mwavuli.