Gari la pwani kwenye baridi ya Lushoto

Mimi ni mtu wa Makorora, Tanga mjini. Nafuata mboga Lushoto na kuziuza soko la Mgandini, mwaka wa 11 sasa, kwa pikapu ileile ya dizeli. Juzi vijana wawili wa mtaani wamenunua gari lao la kwanza, nao wanataka kupanda mlima kipupwe hiki. Walikuja kuniuliza barazani, tukakaa mpaka isha, na bado nikaona sijawaambia nusu. Kwa hiyo naandika.

Mkoa ni huohuo mmoja, lakini Tanga mjini tuko usawa wa bahari na Lushoto iko kama mita 1,400 juu. Unaondoka huku shati limekuganda mgongoni kwa jasho. Usiku wa Julai kule juu unakuta nyuzi 10 hivi, na ukungu umelala barabarani.

Anza na betri, na uishughulikie hapahapa Tanga. Kwenye joto letu betri iliyochoka inajificha. Oili ni nyepesi, ukigusa ufunguo tu injini inaitika. Baridi inapunguza nguvu ya betri na papo hapo inaifanya oili iwe nzito, kwa hiyo starta inadai zaidi kwa anayetoa kidogo. Mimi niliuziwa betri nikaambiwa mpya. Mjini wiki tatu haikunisumbua. Alfajiri ya kwanza Lushoto nikazungusha ufunguo, nikasikia tk, tk, tk. "Shangazi, limekufa," akasema mpwa wangu, ambaye ndiye utingo wangu. Kabichi zilifika Mgandini saa kumi jioni, wateja wa jumla wameshaenda zao, nikauza kwa hasara.

Tangu siku hiyo fundi ananipimia kwa mita kabla sijapanda, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, usiende nayo. Angalia pia vichwa vya betri. Chumvi ya bahari yetu inakula chuma, na ule unga mweupe wa kijani unaootea pale unazuia umeme kupita. Fungua waya hasi kwanza, koroga magadi kwenye maji ya moto, yaleyale magadi ya kulainishia maharage, osha kwa mswaki mkuukuu, suuza, kausha, paka grisi. Maji ya magadi yasiingie ndani ya betri.

Ukikwama kabisa na mwenzako akakubali kukubusti, yaani kukuazima umeme wa betri yake kwa waya, zibane kwa mpangilio huu: chanya ya betri yako, chanya ya betri yake, hasi ya betri yake, na ncha ya mwisho ubane kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayowaka, na cheche ya mwisho isirukie pale.

Asubuhi usilikurupushe gari. Dizeli za zamani zina taa ndogo ya manjano yenye umbo la waya uliojiviringa. Fungua ufunguo, subiri izime, ndipo upige starta. Usishikilie zaidi ya sekunde 10. Likikataa, pumzisha nusu dakika urudie. Likiwaka liache lingurume dakika moja au mbili, kisha ondoka taratibu bila kulikanyagia mafuta. Oili nayo iangalie kwenye dumu lake: namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayohusu baridi, na ikiwa ndogo oili huwa nyepesi zaidi asubuhi. Kitabu cha gari langu kinaruhusu 15W-40, na nimeona tofauti yake na ile 20W-50 niliyokuwa nikiitumia.

Kuna watakaokwambia uchanganye mafuta ya taa kwenye dizeli ili isigande. Usifanye hivyo. Dizeli huanza kutoa nta karibu na nyuzi sifuri au chini yake, na safari yako ya Lushoto haifiki huko. Utakachopata ni kuiua pampu, kwa sababu dizeli ndiyo inayoilainisha.

Kwenye rejeta weka kulanti, ile dawa ya kupoza injini, usiweke maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inatoboa rejeta. Kwa mpwa wangu mwingine aliyeko Kanada hili ni suala la kufa na kupona kwa injini: maji matupu yakiganda hutanuka kama asilimia 9 na kupasua chuma, ndiyo maana wao huweka kulanti nusu kwa nusu, inayostahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Sisi shida yetu ni kinyume chake. Kule juu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kutoka Mombo, chini ya mlima, hadi Soni, katikati ya njia ya Lushoto, unapanda na gia nzito muda wote. Mshale wa joto ukipanda, egesha pembeni na usubiri. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, nimeona mkono wa mtu ulivyobabuka.

Kwenye ukungu washa taa za chini. Taa kali zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Kioo kikifanya mvuke kwa ndani, teremsha dirisha kidogo. Mimi kabla ya safari hupaka kioo kwa ndani sabuni ya kipande, kavu, nikakisugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Mvuke haukishiki.

Sasa hili nawaomba mlisome mara mbili. Baridi ya usiku inamshawishi mtu wa pwani aingize jiko la mkaa chumbani. Mwaka wangu wa pili tulilala wanawake watatu kwenye chumba cha kupanga, jiko karibu na mlango, dirisha tumeliziba kwa gunia. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi, tukaona salama. Usiku wa manane mwenzetu mmoja akaanza kutapika. Nikataka kuinuka nimshike, miguu ikakataa, kichwa kinagonga kama kinu. Nilitambaa, nikasukuma mlango kwa bega, nikaangukia nje kwenye umande. Niliwavuta wawili waliobaki nikishika khanga zao. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inakulaza kabla hujajua. Kukosa moshi si dalili ya usalama. Ota moto nje, kisha ingia na blanketi mbili na soksi. Wala usilale ndani ya gari limefungwa vioo huku injini inanguruma.

Kupakia ni alfajiri, na vidole vya mtu wa Tanga saa hiyo havisikii kitu. Vaa glavu kavu na uwe na jozi ya akiba, maana kabichi zinashuka na umande na glavu iliyoloa ni afadhali mkono mtupu. Gari liwe kwenye gia, handbreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Jiwe hilo utingo aliondoe kabisa barabarani kabla hamjaondoka. Bodaboda anayekuja nyuma kwenye ukungu hatauona ukubwa wake mpaka amelivaa. Upepo wa tairi pima saa hiyohiyo, tairi zikiwa bado za baridi.

Kushuka kuna kilomita kama 33 mpaka Mombo, kona juu ya kona. Shuka na gia uliyopandia. Breki ibonyeze kwa vituo, usiilalie. Ukisikia harufu ya kuungua, simama Soni, acha zipoe zenyewe, na usizimwagie maji.

Mombo simama tena, hata kama una haraka. Kamba yangu ni ya katani, zao lililoletwa kwetu tangu 1893, na katani ikilowa hujivuta, ikikauka hulegea. Umefunga kwenye ukungu, kamba imeloa, imekaza kama waya. Ukifika joto la Mombo inakauka, na mzigo ulioufunga vizuri unaanza kucheza bila wewe kujua. Mpwa wangu hupanda juu, mimi navuta kutoka chini, fundo moja baada ya jingine, na kwa kawaida tunapata kama kiganja kizima cha kamba iliyolegea.