Kabla hujaviringisha mshipi mpya kwenye rili

Samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwapoteza hakukata mshipi kwa meno, wala hakuuburuza kwenye mwamba. Alikimbia, rili, kile kifaa cha kwenye fimbo kinachoviringisha mshipi, ikalia kwa sekunde tatu hivi, kisha ikanyamaza. Mshipi wa juu ulikuwa umezama ndani ya mizunguko iliyolegea chini yake, ukajibana hapo, ukakatika. Ulikuwa mpya, wa nailoni, wenye nguvu ya kubeba kilo za kutosha bila kukatika, nimeununua wiki ileile. Kosa nililifanya nyumbani, jioni niliyouviringisha harakaharaka bila kuukaza. Tangu hapo kazi ya kuviringisha naipa muda mrefu kuliko ya kununua, ila tuanze na kununua, maana ndiko kunakotangulia.

Kabla hujashika dukani bobini yoyote, yaani kigurudumu kilichoviringishiwa mshipi, jua unakwenda kuvua kwenye maji gani. Wengi huanza na samaki: ana kilo tano, basi nipe mshipi wa kilo tano. Lakini uzito wa samaki unaweza kuumudu kwa breki ya rili, inayoachia mshipi samaki akivuta sana, na kwa fimbo inayopinda. Maji yenyewe huna namna ya kuyabembeleza.

Kama maji ni maangavu na yametulia, samaki ana nafasi ya kukagua anachotaka kula. Nailoni, hata ile inayoitwa ya kioo, haipotei machoni kabisa, kwa sababu inapinda mwanga kuliko maji yanavyoupinda. Kwa hiyo dawa ni wembamba: milimita 0.18 hadi 0.22 kwa samaki wadogo na wa kati, rangi isiyokolea. Maji yakiwa ya tope baada ya mvua, hofu hiyo inaisha. Panda hadi 0.30 au 0.35 na usijilaumu. Hapo unaweza hata kuchukua mshipi wa rangi ya njano au machungwa ili uuone vizuri juu ya maji unapotikisika.

Penye miamba, matumbawe au visiki, unene ndio uhai wa mshipi. Mkwaruzo ambao ungekula nusu ya mshipi wa 0.20 unaparura tu ngozi ya mshipi wa 0.40. Usiogope kuonekana hapo. Samaki wa mwambani huwa hana muda wa kukagua, anadaka na kurudi shimoni.

Mkondo mkali ni kinyume chake. Maji yanausukuma mshipi kwa urefu wake wote, na ukiwa mnene unapinda kama upinde, unainua chambo kutoka chini, nawe unalazimika kuongeza chubwi hadi fimbo inalemewa. Mshipi mwembamba hukata maji. Na ukikutana na mkondo juu ya miamba? Hapo mimi huweka mshipi mwembamba kwenye rili, kisha mwishoni naunga kipande cha mita moja au mbili cha mshipi mnene, ndicho kitakachosugua mawe.

Kina nacho kina neno lake. Nailoni inavutika sana, hata robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Karibu na ufukwe huo ni msaada: samaki akijirusha ghafla, mshipi unameza mshtuko na ndoana haichaniki mdomoni. Lakini ukiteremsha chambo mita 50 chini, samaki anaonja na wewe huna habari, na ukivuta fimbo unavuta mpira. Nasema wazi: kwa kina hicho nailoni si chaguo zuri, tafuta mshipi wa kusukwa. Kwa chambo bandia cha kuelea juu, nailoni haina mpinzani wa karibu katika mishipi ya uzi mmoja, kwa kuwa uzito wake unazidi wa maji kidogo tu na inazama polepole. Mshipi wa fluorokaboni, plastiki ya aina nyingine, ni mzito zaidi, unavuta pua ya chambo chini.

Ukisoma karatasi ya bobini, tazama milimita kabla ya kilo. Bobini mbili zilizoandikwa kilo sita zinaweza kuwa moja ya 0.28 na nyingine ya 0.33. Isitoshe, nailoni inanyonya maji na ikilowa hupungua nguvu, kwa hiyo kilo zilizopimwa mshipi ukiwa mkavu si zile utakazozipata mtoni. IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa ndoana, hupima mishipi ikiwa imelowa, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Milimita ndizo pia zitakazokuambia ununue mita ngapi. Rili iliyoandikwa 0.30/200 inabeba mita 200 za mshipi wa 0.30. Unataka kuweka wa 0.35? Zidisha 0.30 kwa 0.30, kisha kwa 200, gawanya jibu kwa 0.35 mara 0.35. Utapata kama mita 147. Mshipi wa 0.40 utaingia mita 112 tu. Hesabu ya dakika moja, na inakuepusha kubaki na rili nusu tupu ukiwa tayari majini.

Sasa tuingie kwenye kuviringisha. Toa mshipi wa zamani na ufute bobini ya rili, maana chembe za mchanga na chumvi hujificha chini kabisa. Bobini ya dukani ilaze kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Nailoni inalainika na kusahau kidogo umbo la mizunguko iliyokaa nayo kwa miezi. Pitisha mshipi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, ile kubwa iliyo karibu na rili. Halafu, kama rili yako ni ile ambayo bobini haizunguki, fungua ule waya wa upinde unaouelekeza mshipi kwenye bobini, kabla ya kufunga fundo. Ukifunga fundo huku waya umefungwa, utazungusha mkono wa rili na hakuna kitakachoviringika.

Kwa rili ya namna hiyo, laza bobini ya dukani sakafuni, karatasi yake ikitazama juu. Zungusha mkono mara 15 au 20, simama, kisha sogeza fimbo karibu na bobini ili mshipi ulegee. Utazame kwa makini. Ukining'inia kama tabasamu, endelea. Ukijisokota vitanzi vitanzi, geuza bobini upande wa pili na ujaribu tena. Usiseme utanyooka wenyewe. Kila kitanzi unachokiingiza leo kitatoka kama tata siku ya kurusha. Rili ambayo bobini yake inazunguka haina shida hii: penya kalamu kwenye tundu la bobini ya dukani, mtu akushikie, mshipi utoke juu na kuingia juu.

Muda wote huo ubane mshipi kwa kitambaa kilicholowa kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele kidogo ya rili. Kitambaa kikavu hakifai, msuguano unapasha moto na nailoni haipendi joto. Ubane kiasi cha fimbo kupinda ncha kidogo. Ukishamaliza, bonyeza mizunguko kwa kidole gumba: isitembee wala isibonyee. Ikiteleza pembeni, itoe yote uanze upya. Najua inauma, lakini huko ndani ndiko samaki wangu alikopotelea.

Acha milimita mbili au tatu kabla ya ukingo wa bobini. Ukijaza hadi ukingoni, mizunguko itamwagika yenyewe. Ukipunguza sana, mshipi utasugua ukingo kila unaporusha na hautafika mbali.

Fundo la ndoana lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu ileile ya joto. Breki ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza: ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo sita uachie kati ya kilo moja na nusu na mbili. Asubuhi ya safari, pitisha mita mbili za mwisho kati ya kucha na kidole. Ukisikia hata chembe ya kukwaruza, kata na ufunge upya.

Rili ikae mbali na jua, maana mionzi yake huila nailoni polepole hadi inakuwa na vumbi jeupe na kukatika kwa mkono. Mshipi wa namna hiyo usiuachie maji hata kidogo. Ndege na kasa hunasa miguu na shingo humo na hawana mikono ya kujifungua. Mimi huukata vipande vifupi kama kidole, navitia kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa narudi nayo nyumbani.