Namna ya Kuandaa Kozi ya Ufundi Stadi Inayomfikisha Kijana Kazini

Kozi nyingi za ufundi katika nchi zinazoendelea hupangwa kwa kufuata kile ambacho chuo tayari kinacho: walimu waliopo, mashine zilizopo na mtaala uliorithiwa. Anayetaka wahitimu wake wapate kazi hana budi kuanzia upande wa pili, yaani kwa wale watakaowaajiri au kununua huduma zao.

Kabla ya kuandika mtaala, tembelea karakana, viwanda, wakandarasi na mafundi wadogo wa eneo lako. Usiwaulize kama wanahitaji wafanyakazi, kwa sababu karibu kila mmoja atajibu kuwa anawahitaji. Waulize ni kazi zipi walizozikataa kwa kukosa fundi wa kuzifanya, fundi wa mwisho waliyemwajiri walimpataje, na ni jambo gani lililowafanya wamwachishe kazi aliyemtangulia. Majibu ya namna hii hukuonyesha pengo halisi, na mara nyingi pengo hilo haliko katika fani nzima bali katika sehemu yake ndogo, kwa mfano kusoma michoro, kupima kwa usahihi au kukadiria gharama ya kazi mbele ya mteja. Mafundi wadogo wasiachwe nyuma katika mazungumzo haya, kwa kuwa katika nchi nyingi, hasa za Afrika Magharibi, vijana wengi zaidi hujifunza ufundi chini ya fundi mtaani kuliko chuoni.

Ukishapata picha hiyo, wape waajiri nafasi ya kudumu katika uendeshaji wa kozi, si mwaliko wa sherehe ya mahafali tu. Nchini Brazili, SENAI, taasisi ya mafunzo ya viwandani iliyoanzishwa mwaka 1942, huongozwa na wenye viwanda wenyewe na kugharimiwa kwa mchango unaotokana na mishahara wanayolipa. Chuo kidogo hakina uwezo wa kuweka utaratibu mkubwa kiasi hicho, lakini kinaweza kuwaomba waajiri watatu au wanne wapitie mtaala kila mwaka na kukaa kwenye meza ya watahini.

Hatua inayofuata ni kugawa muda kati ya darasa na mahali pa kazi. Mpango wa Jóvenes en Acción wa Kolombia, ulioendeshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwapa vijana maskini wa mijini miezi 3 ya darasani na miezi 3 ya mazoezi ndani ya kampuni. Watafiti walipolinganisha waliochaguliwa kwa bahati nasibu na waliokosa nafasi, waligundua kuwa wanawake waliopata mafunzo walikuwa na kipato kilichozidi kwa takribani asilimia 20. Mazoezi hayo hayana maana iwapo mwanafunzi anaishia kufagia karakana, kwa hiyo andikiana mkataba na mwenye karakana. Pendekezo Na. 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linataka uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini, uwe na makubaliano ya maandishi, malipo stahiki na ulinzi wa usalama na afya kazini. Orodhesha katika mkataba wako stadi ambazo kijana lazima azifanye kwa mikono yake mwenyewe, na umteue mtu atakayezikagua.

Cheti kinastahili uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanyika Uganda kuanzia mwaka 2012 ulilinganisha vijana waliosomeshwa miezi 6 katika vyuo vya ufundi na wale waliofundishwa ndani ya biashara zilizolipwa kuwapokea. Waliofundishwa kwenye biashara walipata kazi mapema zaidi, lakini faida yao ilififia, ilhali waliopitia vyuoni waliendelea kufaidika kwa sababu ujuzi wao ulithibitishwa kwa cheti, hivyo mwajiri mwingine aliweza kuutambua. Kwa hiyo hakikisha mtihani wako unasimamiwa na mamlaka inayotambulika kitaifa, na uwafungulie mlango wa kutahiniwa hata mafundi waliojifunza kazini bila kukaa darasani.

Vijana wengi huacha kozi kwa kukosa nauli, kwa kukosa wa kuwaangalizia watoto, au kwa sababu familia inakitegemea kibarua cha siku. Tenga posho ya usafiri, panga saa zinazowafaa kina mama, na uwape wanaotaka kujiajiri zana za msingi pamoja na mafunzo ya kuweka hesabu. Ni afadhali kupunguza idadi ya wanafunzi kuliko kuyaondoa haya.

Mwisho, wafuatilie wahitimu wote kwa simu baada ya miezi 6 na tena baada ya mwaka, ukiuliza kama wanafanya kazi, kama ni ya fani waliyosomea na kama inawalipa. Fani ambayo wahitimu wake wanabaki bila kazi kwa awamu mbili mfululizo isipokee wanafunzi wapya mpaka umerudi kwa waajiri na kujua sababu.