Kuchagua filta ya hewa ya pikapu yako

Kabla hujateremka Kirinyaga Road, kule kwa maduka ya spea Nairobi, fungua boneti utoe ile filta ya zamani, beba yenyewe mkononi. Usiende kusema tu "nataka ya Hilux" juu Hilux ni nyingi, ya petroli na ya dizeli zinaweza kuwa tofauti, utauziwa kitu kinakaribia kuingia na kukaribia kuingia si kuingia.

Ukifika pale kaunta weka ya zamani na mpya pamoja, linganisha urefu, upana, halafu bonyeza ile raba ya pembeni. Hapo ndio kuna maneno. Raba ikiwa ngumu kama plastiki ama ina pengo, vumbi itapitia kando ya filta iende moja kwa moja kwa tabo (turbo, kama gari iko nayo) na kwa silinda, na injini italika polepole bila wewe kujua. Angalia pia mikunjo ya karatasi, ikiwa michache na imeachana sana, rudisha.

Sasa hizi za pamba zinaoshwa zinapakwa oili, kama za kampuni ya K&N, vijana wanazipenda juu ya sauti. Nguvu inaongezeka kidogo sana kwa gari ya kawaida, na ukizidisha oili inaenda kuchafua sensa ya hewa. Kama unabeba mawe ama unapita barabara ya marram ya Kitengela kila siku, mimi ningekaa na ya karatasi nzuri.

Ukishafunga, hakikisha klipu zote za boksi zimeshika. Fundi wengi huacha moja.