Namna ya Kuandaa Ubatizo wa Mtoto Mwenye Jina la Kilugbara

Katekista wa hapa Dodoma akiletewa mtoto wa familia ya Walugbara, watu wa Arua na Maracha kaskazini-magharibi mwa Uganda na wa Aru ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, na aulize maana ya jina kabla ya kufungua daftari la ubatizo. Asianze kwa kuuliza jina la Kikristo ni lipi, kwa kuwa swali hilo humwambia mama kwamba jina alilokwisha kumpa mwanawe halihesabiki.

Aulizwe mama mwenyewe, kwa utulivu na pasipo hadhira, kwa sababu katika desturi ya Walugbara mara nyingi mama ndiye atoaye jina, nalo husimulia hali aliyokuwa nayo wakati wa mimba au wa kujifungua: msiba, ufukara, ugomvi wa ukweni, chuki za jirani. Neno dra, yaani kifo, limo katika majina mengi, kama Draru. Candi, yaani taabu, huzaa Candia kwa mwanamume na Candiru kwa mwanamke, ile -ru ya mwisho ikiwa alama ya kike. Abiri ni njaa, na humo ndimo linamotoka Abiriga. Yapo ya furaha pia, kama Ayikoru. Kilugbara hutofautisha maneno kwa toni ambazo maandishi ya kawaida hayazionyeshi, kwa hiyo mwombe mama alitamke jina mara mbili tatu, wala usikisie maana kwa kusoma tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jina la huzuni halimwapizi mtoto, wala halimwelezi yeye. Ni kauli ya mama kwa waliomzunguka, na mtoto ni mjumbe tu. Sisi tunaowaita watoto wetu Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko hatuna haki ya kushtuka, hasa katika Ugogo huu ambako hata njaa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza ilipewa jina lake, Mtunya. Mchungaji akisita, fungueni Maandiko pamoja: Raheli akikata roho alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu, naye Yakobo akamgeuzia jina kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume (Mwanzo 35:18), ilhali Yabesi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya uchungu wa mama yake, aliomba na kujaliwa akiwa na jina lilelile (1 Nyakati 4:9–10). Njia zote mbili zimo, na kwa maoni yangu mwenye kuchagua ni mzazi, si katekista.

Kwa Wakatoliki sheria haizuii. Kanuni ya 761 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 ilimwagiza paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na akishindwa aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili. Kanuni ya 855 ya Mkusanyiko wa mwaka 1983 inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Candiru laweza kusimama peke yake. Familia ikitaka la mtakatifu kando yake, ni vema, mradi la asili lisiachwe nje ya daftari.

Jambo moja linahitaji uangalifu zaidi. Ikiwa jina linamlalamikia mtu aliye hai, labda bibi wa mtoto atakayeketi benchi la mbele siku ya ubatizo, usitangaze maana yake kanisani bila ruhusa ya mama, na ikiwezekana wakutanishwe siku kadhaa kabla.

Mwisho, linganisha tahajia na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha RITA, majina yakifuatana kwa mpangilio uleule. Herufi c katika Candiru husomwa kama ch yetu, lakini usiisahihishe kuwa Chandiru.