Bunduki na Mbwa: Namna ya Kuzuia Risasi Isiyokusudiwa

Mwezi Januari mwaka 2023, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, mwanamume aliyekuwa ameketi kiti cha mbele cha pikapu alipigwa risasi mgongoni akafariki, baada ya mbwa aliyekuwa nyuma yake kuikanyaga bunduki iliyolazwa kwenye kiti pamoja na vifaa vya kuwindia. Miaka mitano kabla yake, huko Iowa, mtu mwingine alikuwa akicheza na mbwa wake kwenye kochi huku bastola ikiwa kiunoni; mbwa aliporuka na kumrudia mapajani, inaelekea aliiondoa sefti, yaani kizuizi cha kifyatulio, kwa mguu, kisha akakikanyaga kifyatulio, na mwenyewe akajeruhiwa mguu. Na mwaka 2015, jimboni Indiana, mwindaji wa ndege aliiweka bunduki yake ya marisau, yaani inayorusha vipira vidogo vingi kwa mpigo mmoja, chini ili abadilishe mahali pa kukaa, mbwa wake akaikanyaga, naye akapigwa mguuni.

Watu huyapokea matukio haya kwa kicheko, nami naona kicheko hicho kina madhara, kwa sababu kinamfanya mwenye silaha aamini kuwa ni bahati mbaya isiyoweza kumfika. Ukiyatazama kwa makini, utaona kwamba katika yote matatu risasi ilikuwa tayari ndani ya chemba, yaani mahali inapokaa risasi nyuma ya mtutu ikisubiri kupigwa, na bunduki ilikuwa mahali ambapo mnyama angeweza kuifikia. Ukiondoa mojawapo ya mambo hayo mawili, mbwa asingemdhuru mtu yeyote.

Nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kifyatulio cha bunduki nyingi huachia kwa nguvu ya kilo mbili hadi tatu hivi, ilhali mbwa mwenye kilo 40 hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kucha zake huingia kwa urahisi ndani ya kitanzi kinachozunguka kifyatulio, na akishanaswa hapo, jambo la kwanza analofanya ni kuuvuta mguu. Sefti nayo isitegemewe peke yake: ni kidude kidogo kinachosukumwa kwa kidole, kwa hiyo huweza kusukumwa pia na unyayo, na katika bunduki nyingi za marisau huzuia kifyatulio tu, bila kuzuia nyundo iliyo ndani isiachie pale silaha inapoanguka na kugonga kwa kishindo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitoa risasi, na mbwa awe ametolewa chumbani au amefungwa mbali kabla hujaanza. Elekeza mtutu upande usio na mtu wala mnyama, kidole kikiwa nje ya kitanzi. Ikiwa ni bastola ya magazini, yaani kasha la risasi linalochomekwa ndani yake, chomoa magazini kwanza, ndipo uvute sehemu ya juu nyuma ili risasi iliyo ndani ya chemba iruke nje. Utaratibu huu usigeuzwe kamwe. Anayevuta kwanza na kuchomoa magazini baadaye huwa ameitoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha huiweka mezani silaha anayoamini kuwa tupu. Ukishavuta, iache wazi, tazama ndani ya chemba, halafu pitisha ncha ya kidole, kwa maana gizani macho hudanganya. Bunduki ya marisau yenye bomba la risasi chini ya mtutu hukaguliwa sehemu zote mbili, chemba na bomba lenyewe. Ile ya kukunja, inayofunguka katikati, ndiyo rahisi kuliko zote, kwani ikikunjwa tu kila mtu anaona kama ina kitu.

Garini ndiko ninakosisitiza zaidi, kwa kuwa huko binadamu, mbwa na bunduki hubanwa pamoja katika nafasi finyu, na kila breki humrusha mnyama huku na huku. Bunduki isafirishwe ikiwa tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine, na mbwa awe ndani ya tundu lake au amefungwa mkanda nyuma. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza kubeba bunduki ndefu iliyojazwa ndani ya gari, lakini hata pasipo na sheria ya namna hiyo, mwenye akili hatasubiri kukatazwa. Toa risasi kabla ya kufungua mlango wa gari, si baada ya kuketi.

Porini, usiilaze bunduki iliyojazwa wala kuiegemeza kwenye mti au ubavu wa mashua, hata kwa dakika ya kumfunga mbwa kamba au kumpokea bata aliyemleta. Ukitaka kuvuka uzio, toa risasi kwanza.

Nyumbani kuna mjadala. Wanaoweka bastola kwa ajili ya kujilinda husema kuwa silaha tupu haiwafai usiku. Nawaelewa, lakini jibu langu ni kwamba silaha iliyojazwa ina mahali pawili tu: mwilini, ndani ya mkoba mgumu unaokifunika kifyatulio chote, au ndani ya sefu ndogo inayofunguka haraka. Chini ya mto, kwenye droo iliyo wazi na juu ya kochi si mahali pa kuhifadhia. Na ukitaka kucheza na mbwa mkirukiana, vua bastola uifungie kwanza. Paka naye, apandaye kila rafu, ni sababu nyingine ya kutoiacha silaha juu ya kabati.

Ajali ikitokea licha ya hayo, mwondoe mnyama karibu na silaha kwanza, kwa kuwa huenda risasi nyingine imeshaingia. Piga simu ya dharura, ambayo Marekani ni 911, kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni, funga kwa nguvu kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye kiwiko wala goti, na ukumbuke saa uliyofunga. Ikiwa aliyepigwa ni mbwa, jihadhari, kwani maumivu humfanya amng'ate hata anayempenda. Mfunge mdomo kwa bendeji laini, isipokuwa akiwa anahema kwa shida au jeraha liko usoni. Usijaribu kuchimbua marisau. Mlaze juu ya blanketi, mbebeni watu wawili, na mpigie simu daktari wa mifugo mkiwa njiani ili ajiandae, hata kama tundu unaloliona ni dogo, kwa maana risasi huharibu zaidi ndani kuliko inavyoonekana kwenye ngozi.