Dodoso la usonji: lilete swali kwenye maisha yako kabla ya kulijibu

Dodoso nililopewa na daktari wa mtaa hapa Leicester lilikaa juu ya friji wiki tatu. Maswali kumi tu! Linaitwa AQ-10, na Uingereza hulitumia kuamua kama mtu mzima apelekwe kwenye uchunguzi kamili wa usonji (autism). Alama 6 na kuendelea, unapelekwa. Dodoso lenyewe halikwambii una usonji au huna.

Kilichonikwamisha ni maneno "mara nyingi" na "kwa kawaida". Mara nyingi ni ngapi? Majibu ya kuchagua ni manne: nakubali kabisa, nakubali kidogo, nakataa kidogo, nakataa kabisa. Baadaye ndiyo nikajua kwamba "kabisa" na "kidogo" za upande mmoja zina alama ileile. Basi usikeshe hapo kama mimi. Chagua upande, songa mbele.

Kazi kubwa ni kulileta swali kwenye maisha yako kabla ya kulijibu. Liko moja linalouliza kama ni rahisi kwako kung'amua jambo ambalo mtu hakulisema wazi. Nikakubali haraka, mimi mtu wa Tanga, nimelelewa kwenye mafumbo. Kisha nikamkumbuka jirani yetu wa Ngamiani, aliyejifunga kanga ileile kila nikipita uani kwake. Mwezi mzima! Nami nilikuwa namsifia rangi. Shangazi ndiye aliyenivuta pembeni: "Wee mtoto, unasemwa wewe." Nikafuta jibu.

Swali jingine: je, unajua mtu anayekusikiliza akianza kuchoka? Najua, kwa sababu nimejiwekea kanuni: akitazama simu mara mbili, ninyamaze. Ukiona unahitaji kanuni kwa jambo ambalo wenzako hulifanya bila kuwaza, usijihesabie kuwa ni rahisi.

Ukipewa AQ yenyewe, dodoso zima ambalo AQ-10 ni ufupisho wake, ile ya Cambridge ya mwaka 2001 yenye maswali 50, utakuta wanauliza kuhusu soga. Hapo salamu zetu zinadanganya. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi: nimezikariri tangu utotoni, anayenisikia ataapa mimi mcheshi. Zikiisha, natafuta mlango uko wapi. Jibu kwa kuangalia kinachofuata baada ya "nzuri".

RAADS-R, dodoso jingine la usonji kwa watu wazima, ni ndefu zaidi, maswali 80, na inataka useme kama jambo lilikuwepo kabla hujafika miaka 16 tu, lipo sasa tu, nyakati zote mbili, au halijawahi kuwepo. Hapa kumbukumbu yako haitoshi. Mpigie aliyekulea, ila usianze na neno usonji, utamtia hofu bure. Mimi nilisema, "Shikamoo shangazi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachezaje?"

"Marahaba mwanangu. Kucheza? Wewe hukucheza. Ulikuwa unapanga vifuniko vya soda kwa rangi, mwenzio akigusa kimoja, kilio mpaka magharibi."

Hayo yaandike kwenye karatasi ya pembeni, namba ya swali na kisa chake, kwa lugha yoyote inayokujia. Kisanduku hakina nafasi ya vifuniko vya soda, na atakayekuchunguza atataka visa kama hivyo.

Majibu nilizungushia kwa penseli usiku. Asubuhi nikapitisha wino bila kuhesabu alama, nikatia vyote kwenye bahasha, na karatasi ya shangazi juu.